Siku Nne Bila Kuzima Kompyuta

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Dada Chapa mwenyewe, sebuleni kwa kaka yake mkubwa, Jumapili ya pili ya mwezi wa kwanza, wiki sita baada ya mambo kutokea. Aliisimulia mara moja tu, amekaa wima, mikono magotini, na hakuna aliyemkatiza. Chumba chake cha kupigia chapa kilikuwa na mlango mmoja unaotazama barabara, meza moja, kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka kumi na miwili, printa, na viti viwili vya wateja. Nje, chini ya dirisha, lilikuwapo benchi la mbao, na pembeni yake jiko la muuza kahawa. Wenye benchi walikuwa watatu. Mzee Faili alikuwa karani mstaafu wa masijala. Refa alichezesha mechi za mtaa Jumamosi na kubishana siku nyingine zote. Volteji alikuwa fundi umeme, na kwa kuwa aligusa nyaya, watu walimhesabu kuwa anajua na kompyuta. Muuza kahawa hakuhesabiwa kuwa mwenye benchi, lakini alichangia kila mjadala, kwa kuwa birika lilikuwa lake na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Ilianza na ujumbe kwenye kioo. Asubuhi moja Dada Chapa aliwasha kompyuta, na kabla hajafungua kazi ya kwanza kikatokea kidirisha kikisema kwamba Windows aliyo nayo imefikia mwisho wa huduma, haitapata tena masahihisho ya usalama, na mashine yake haikidhi vigezo vya kuwekewa ile mpya. Alikisoma mara mbili. Kisha akatoka nje.

— Njooni mnisomee hiki. Labda nimesoma vibaya.

Wakaingia wote, muuza kahawa akiwa na birika mkononi.

— Hujasoma vibaya, akasema Mzee Faili. Umestaafishwa.

— Mimi au mashine?

— Mashine. Ila barua imekuja kwa jina lako.

— Kwa hiyo itazimika?

— Haizimiki, dada, akasema Volteji. Itawaka kama kawaida. Shida ni kwamba tundu likitokea hakuna wa kuliziba. Mwizi wa mtandaoni akipita, anaingia.

— Lini?

— Siku yoyote.

— Hata sasa hivi tunavyozungumza?

Volteji alinyanyua mabega. Refa akageuka kutazama nyuma ya kompyuta, kana kwamba mtu angeonekana akichungulia kutoka kwenye nyaya.

Dada Chapa alikaa kitini. Katika mashine ile zilikuwamo barua za watu, mikataba ya watu, na wasifu za marehemu zilizosomwa makaburini kwa miaka kumi na miwili. Lakini hofu yake haikuwa juu ya hizo. Jumatatu inayofuata alikuwa anakuja Shangazi Mkubwa, dada wa baba yake, mwenye umri wa miaka themanini na tisa. Ndiye peke yake aliyebaki anayejua majina ya watoto wote waliozaliwa katika nyumba ya babu, pamoja na wale kumi na tisa waliofariki wadogo kabla majina yao hayajaandikwa popote. Kwa miaka mingi aliombwa ayataje, akakataa. Baada ya kuanguka bafuni mwezi uliopita alituma ujumbe mwenyewe: yuko tayari, na Dada Chapa aandike. Simu ya kurekodi aliikataa kata kata. Alisema hataki sauti yake ibaki duniani inaongea naye hayupo.

— Majina ya ukoo wangu niyaweke kwenye nyumba isiyo na mlango? akauliza Dada Chapa.

— Dawa ipo, akasema Volteji. Linux. Ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Haiuzwi, unaipakua tu. Na mashine ya zamani kama hii inaibeba bila kuhema.

— Ya nani? akauliza Mzee Faili.

— Ya watu wote, mzee wangu.

— Ya watu wote ndiyo ya nani? Nimekaa masijala miaka thelathini na mmoja, kijana. Ofisi isiyo na mkuu, barua zake hazijibiwi. Hii ikiharibika, Dada Chapa anamwandikia nani?

— Wapo wanaoitunza. Wako dunia nzima.

— Hapo sasa ndipo ninaposhtuka. Dunia nzima iko mezani kwa Dada Chapa!

— Na si moja, akadakia Refa. Ziko nyingi, wanaziita distro. Ni kama timu. Mchezo ule ule, jezi tofauti. Kuna Ubuntu, kuna Mint, kuna Zorin, Fedora, Debian, na nyingine huko madaraja ya chini hata mimi sizijui.

— Na ya mtu asiyejua mpira ni ipi? akauliza Dada Chapa.

— Ubuntu, akasema Refa. Ina mashabiki wengi. Ukikwama, ukiuliza, watu elfu wanakujibu.

— Watu elfu wakikujibu kwa pamoja utamsikia nani? akasema Mzee Faili.

— Ubuntu ni nzuri kwa anayeanza, akasema Volteji, ila vitu vyake vimepangwa ubavuni, utahangaika wiki nzima kutafuta. Wewe nakupa Mint. Menyu iko kona ile ile ya chini kushoto, saa iko kona ile ile ya kulia, na kazi zako za Word zinafunguka. Fedora na Debian tuwaachie waliokwisha kuzoea.

— Na hiyo Zorin?

— Hiyo nayo ni nyepesi kwa mgeni. Imevaa sura ya Windows kabisa, hutajua umehama.

— Ee! Weka mbali, akasema muuza kahawa. Mtu akija kwangu amevaa sura ya jirani, mimi simfungulii mlango.

— Ni rangi tu hizo.

— Ndivyo atakavyosema na huyo aliyevaa sura ya jirani.

Refa alishusha sauti. Shemeji yake, alisema, aliwahi kuweka Linux, distro gani hakumbuki. Asubuhi akaiwasha, kioo kikawa cheusi ti, halafu yakaanza kupita maandishi meupe, mistari kwa mistari, yanakwenda juu kwa kasi, hakuna aliyeyabonyeza. Shemeji akatoka chumbani kinyumenyume.

— Ilikuwa inawaka, akasema Volteji. Ndivyo inavyojieleza ikiwaka.

— Inajieleza kwa nani?

Dada Chapa alisogeza kiti mbali na meza.

— Sikilizeni, akasema Volteji. Hatufuti kitu. Naiweka Mint kwenye flashi, tunaiwashia kutoka kwenye flashi hiyo hiyo. Diski yako haiguswi hata kidogo. Ukiipenda, ndipo tunaiingiza ndani. Usipoipenda, tunachomoa, na Windows yako unaikuta ilipo.

— Haiguswi?

— Haki ya Mungu, haiguswi.

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Ndiyo sababu, alisema Dada Chapa baadaye, hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumatatu saa mbili asubuhi Volteji alichomeka flashi nyuma ya mashine, akaiwasha. Yakapita maandishi machache, Refa akasogea mlangoni. Kisha kikatokea kioo kitulivu, chenye menyu kona ya kushoto kama ilivyoahidiwa, na katikati picha ndogo ya diski.

— Hiyo usiibonyeze, akasema Volteji. Hiyo ndiyo ya kuiingiza ndani moja kwa moja. Hatujafika huko. Wewe jaribujaribu tu, uizoee.

Simu yake ikalia. Alikuwa anahitajika kufunga nyaya katika shule moja, mji wa pili, siku tatu. Akaondoka na begi lake la vifaa. Hakujua kwamba Shangazi Mkubwa alikuwa njiani.

Mzee Faili alibaki akiikodolea macho mashine.

— Mimi ningekuwa wewe nisingeizima, alisema.

— Kwa nini?

— Imebadilishwa roho leo hii. Ukiilaza kabla haijazoea, nani anajua itaamka na ipi? Zinaweza kuamka zote mbili, zigombanie kiti.

— Wee mzee, acha kunitia hofu.

— Sikutii hofu. Nakwambia usiizime.

Mzee Faili akakata karatasi, akaandika USIGUSE kwa kalamu nyekundu, akaibandika juu ya swichi ya ukutani. Jioni, alipofunga chumba, Dada Chapa alifunika kioo kwa kitambaa na kuiacha mashine ikinguruma gizani.

Shangazi Mkubwa alikuja asubuhi tatu mfululizo, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikaa kiti cha mteja, fimbo katikati ya magoti, akazungumza huku akitazama ukuta. Dada Chapa alijifunza chapa zamani, kwa mashine za chuma, na hatazami herufi. Anaandika kwa kasi ya mtu anayesema. Kwa hiyo hakuwa na daftari wala kikaratasi. Maneno yalitoka kinywani mwa shangazi yakapitia vidoleni mwake yakaingia kwenye kioo, na kila ukurasa ulipoisha alibonyeza kuhifadhi, ikahifadhi. Jumanne walifika kwa wale watoto kumi na tisa. Shangazi Mkubwa alitaja kila mmoja jina, siku aliyozaliwa, alifariki na umri gani, na nani alimbeba kwenda kuzikwa. Alipofika wa saba aliacha kutazama ukuta, akasema, "Huyo alikuwa wangu." Hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kulisikia hilo.

Jumatano saa sita kasoro alisema, "Nimemaliza." Akaomba maji, akanywa, akaenda nyumbani. Jioni ile upande wake wa kulia ulilegea, na maneno yakampotea. Walimlaza hospitali. Alifungua macho, akawatambua watu, lakini kinywani hakikutoka kitu.

Alhamisi asubuhi kaka mkubwa alipiga simu kutoka wodini.

— Umeshaitoa kwenye karatasi?

— Iko tayari, akasema Dada Chapa.

Haikuwa tayari. Printa iliwaka taa yake ya kijani lakini haikutaka kusikia neno kutoka kwa kompyuta. Alibonyeza, hakuna. Akabonyeza tena, kikatokea kidirisha kinachosema hakuna printa iliyoongezwa. Akatoka nje.

— Haichapi.

— Nilijua, akasema muuza kahawa.

— Ulijua nini?

— Siku tatu mfululizo mashine inalishwa marehemu. Kumi na tisa, tena watoto. Ungekuwa wewe ungewatapika kirahisi?

— Wewe, funga bakuli lako! akasema Refa. Lakini naye alikuwa amesimama.

— Sisemi kwa ubaya. Nasema mzigo ni mzito.

— Mimi naona ni ile ya zamani, akasema Mzee Faili. Windows imo humo humo kwenye diski, imenyamaza, inasikiliza. Printa walizoeana nayo miaka. Leo anakuja mgeni, anaiamrisha. Printa inamgomea.

— Mzee, printa ina kinyongo?

— Wewe hujafanya kazi ofisini. Nimeona mashine ya kurudufu iliyogoma wiki nzima kwa sababu ya kubadilishiwa karani.

— Basi tubonyeze ile picha ya diski, akasema Refa. Tuiingize ndani kabisa, iwe mwenye nyumba, printa itanyooka.

— Usiguse! Dada Chapa alipiga kelele mpaka fundi wa kuchomelea, chumba cha pili, akachungulia.

Wakati huo ndipo Volteji alipotokea, begi begani, vumbi la safari kwenye nyusi. Akaelezwa yote kwa pamoja, watu wanne, sauti nne. Alichoshika ni kimoja: kuna kazi, inatakiwa karatasini, na printa haijaunganishwa.

— Hilo tu? Mnaliliaje jambo dogo hivi? Printa nitaiunganisha kesho nikiwa na nafasi. Leo tunarudi Windows. Nazima, nachomoa flashi, nawasha, printa inaitambua, tunachapa. Nusu saa mmemaliza.

— Na ikiamka vibaya? akauliza Dada Chapa.

— Diski haijaguswa, dada yangu. Nilikuapia.

— Haijaguswa kweli?

— Hata chembe.

Dada Chapa aliitazama karatasi ya USIGUSE. Alifikiria wodi, mdomo wa Shangazi Mkubwa uliopinda upande mmoja, na kaka yake aliyekwisha kuambiwa kwamba iko tayari. Alisema baadaye kwamba hofu mbili zilimvuta, moja mkono huu na nyingine mkono ule, na aliifuata iliyovuta kwa nguvu zaidi.

— Haya. Zima.

Volteji akabandua karatasi. Kidole kikagusa swichi.

— Hodi hapa.

Mlangoni alisimama mama mmoja mnene, kitambaa kichwani, bahasha mkononi. Alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa wa pili. Nusu ya watu pale, pamoja na Volteji, walizaliwa mikononi mwake.

— Shikamoo mama, wakasema.

— Marahaba. Nina barua ya kupiga chapa, naipeleka shuleni kwa mjukuu. Mbona mmesimama hivyo? Nani kafa?

— Hajafa mtu, mama, akasema Volteji. Ni kazi ya shangazi yake dada hapa, ameiandika siku tatu. Tunazima kompyuta tukaichape kwenye ile Windows ya zamani.

— Ameiandika kwenye hiyo ya zamani?

— Hapana, kwenye hii mpya.

— Na hii mpya iko kwenye diski?

— Hapana, mama, diski hatukuigusa. Hii iko kwenye flashi.

— Kwa hiyo kazi yake iko kwenye flashi?

— Hapana, kwenye flashi hii hakiandikwi kitu, inasomwa tu, ndivyo nilivyoitengeneza.

Mkunga alitazama flashi, akatazama kompyuta, akamtazama Volteji.

— Basi, mwanangu, sasa hivi kazi yenyewe iko wapi?

Refa alimtazama Mzee Faili, Mzee Faili akaitazama sakafu. Nje, kahawa ilikuwa inachemka juu ya jiko na hakuna aliyekwenda kuishusha. Volteji aliondoa kidole kwenye swichi polepole, kama mtu anayeondoa mguu juu ya nyoka.

— Volteji, akasema Dada Chapa. Mama amekuuliza.

— Iko... iko kwenye kumbukumbu ya muda.

— Ndiyo wapi?

— Humo ndani. Umeme ndio unaishikilia.

— Na umeme ukikatika?

Volteji alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye swichi. Dada Chapa alishika ukingo wa meza. Siku tatu, na usiku wake wote, alikuwa ameacha vile vichanga kumi na tisa vining'inie kwenye waya wa ukutani. Boksi lake la kushikilia umeme ukikatika lilikufa betri mwaka juzi, lilikuwa limewekwa chini ya meza kama kibao cha kuwekea miguu.

— Ulisema haiguswi!

— Diski haijaguswa, dada. Ndiyo hiyo shida yenyewe. Sikujua utaandika kitu cha maana kabla sijarudi. Nilisema jaribujaribu.

Chumba cha pili mtambo wa kuchomelea ukanguruma. Taa ya darini ikafifia, ikawa nyekundu, ikarudi. Kioo cha kompyuta kikatetemeka mara moja.

— Mungu wangu, akasema mkunga, akakaa.

Mzee Faili, ambaye kwa miaka sita hakuna aliyemwona akitembea haraka, alitoka mbio. Wakamsikia chumba cha pili akipaza sauti ya masijala:

— Zima! Zima kitu hicho! Usiniulize kwa nini, zima!

— Flashi nyingine! akasema Volteji. Yoyote! Nani ana flashi?

Refa alivua mkufu wa filimbi shingoni. Pamoja na filimbi ilining'inia flashi ndogo nyeusi. Volteji akaichomeka, akaburuta faili. Kidirisha kikatokea.

— Imejaa.

— Ina nini? akauliza Dada Chapa.

— Fainali, akasema Refa. Video ya fainali.

— Ipi?

— Ile ya penalti. Dakika ya themanini na tisa. Ndiyo ushahidi wangu pekee kwamba mkono uligusa mpira. Watu wananizomea mpaka leo.

Hakuna aliyemwomba. Mkunga alimtazama tu. Refa akageukia ukuta.

— Futa.

Volteji akafuta. Akaburuta faili tena. Kidirisha kile kile.

— Bado imejaa!

— Si umefuta?

— Nimefuta, nimefuta... Ngoja. Imekwenda kwenye pipa la taka.

— Basi imetoka!

— Pipa lenyewe liko humo humo kwenye flashi.

— Volteji, akasema Dada Chapa, na sauti yake ilikuwa ndogo, taa.

Taa ilikuwa inafifia tena. Mtambo ulikuwa kimya, Mzee Faili bado anasikika akifoka. Haikuwa mtambo. Mtaa mzima ulikuwa unapumua vibaya. Vidole vya Volteji, vilivyozoea koleo na bisibisi, vilikosa alama ya pipa mara ya kwanza, vikaikosa mara ya pili. Dada Chapa akamsukuma kwa kiwiko, akashika mausi mwenyewe. Akafungua pipa. Akalimwaga. Akaburuta faili. Mstari mwembamba wa kijani ukajaa mara moja, haraka mno, ukatoweka.

— Imeisha? akauliza mkunga.

— Sijui.

— Itoe kwa taratibu, akasema Volteji. Bonyeza ile alama ya kutoa, usichomoe kwa nguvu. Subiri ikuruhusu.

Alisubiri. Alihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na nne. Kompyuta ikamwambia sasa unaweza. Akachomoa, akaifumbata flashi kwenye kiganja kama anayeogopa itayeyuka.

— Zima sasa? akauliza Refa.

— Atakayegusa swichi hiyo, nitamwuma, akasema Dada Chapa.

Hakuamini kwamba kazi imehamia kwenye flashi. Kulikuwa na chumba kingine cha chapa mwisho wa barabara, cha mwanamke ambaye hawakuwa wakisalimiana kwa miaka minne kwa sababu ya mteja mmoja. Alimpa Refa flashi, akamwambia akaifungulie kule, aichape yote, na asizungumze na mtu njiani. Refa akakimbia na filimbi ikimgonga kifuani. Volteji akaenda naye. Mzee Faili alikuwa amesimama mlangoni pa fundi wa kuchomelea, mikono ameitandaza, hataki mtu aingie wala atoke.

Dada Chapa alibaki na mkunga. Muuza kahawa alikuwa ametoka kushusha birika lake. Alikaa mbele ya kioo, akarudi mwanzo wa kazi, akaanza kusoma ukurasa wa majina, akiyashika. Kama umeme utakwenda, alisema, angalau baadhi yatakuwa kichwani mwangu. Alifika wa nane. Alirudia tangu wa kwanza, akakuta wa tatu amemsahau, akarudia tena. Mkunga alivuta kiti karibu.

— Nipe na mimi watano, alisema. Nina kichwa kizuri cha watoto.

Dada Chapa akampa watano. Wakawa wanayasema kwa pamoja, taratibu, mmoja hawa na mmoja wale, na taa ikipanda na kushuka juu ya vichwa vyao.

Walikuwa katikati ya majina umeme ulipokatika.

Kompyuta ilitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyekatishwa neno, na kioo kikawa cheusi. Mngurumo uliokuwa umejaa chumbani tangu Jumatatu ukatoweka, na ndipo walipojua kwamba ulikuwapo. Dada Chapa hakulia. Aliendelea kusema majina, kwa sauti zaidi, na mkunga aliyasema yake.

Refa na Volteji walikuta wanawake wawili wanazungumza gizani. Refa alikuwa na bahasha ya kaki. Umeme, alisema, ulikatika kule ukurasa wa mwisho ukiwa umeshatoka nusu, na yule mwanamke aliuvuta kwa mkono kutoka kwenye printa. Dada Chapa alizitoa karatasi kwenye mwanga wa mlangoni, akazihesabu. Zilikuwa arobaini na moja. Ile ya mwisho ilikuwa na mistari kumi na mmoja, kisha wino ukafifia, na chini yake pakawa peupe.

Umeme uliporudi, saa tisa alasiri, Volteji alichomoa flashi yake na kuwasha mashine. Windows ikarudi kama alivyoapa, na kazi zote za miaka kumi na miwili zikiwa mahali pake. Dada Chapa akatafuta kazi ya Shangazi Mkubwa kila folda. Hakukuwa na herufi hata moja; ilikuwapo kwenye flashi ya Refa tu. Walisimama nyuma yake, wote, wakitazama kile ambacho wangekikuta kama mkunga asingeuliza.

Mint iliingizwa ndani ya mashine ile wiki mbili baadaye, baada ya kila kitu kunakiliwa mara mbili, na Dada Chapa anaitumia mpaka leo. Printa ilikubali kwa dakika tatu. Shangazi Mkubwa aliishi siku ishirini na sita bila kusema. Siku ya tano kaka mkubwa alimsomea kurasa zote, na alipofika kwa mtoto wa saba, mkono wa kushoto wa shangazi uliinuka juu ya shuka. Mzee Faili alifariki mwaka uliofuata. Muuza kahawa alihama, na haijulikani kama yu hai. Dada Chapa yu hai, na Refa, na Volteji. Mkunga yu hai, ana miaka themanini na mmoja. Hakumbuki kuuliza swali lolote siku ile, lakini ukimwomba wale watoto watano, anawataja.